Sifuri ya Ng'ambo

Cha-cha-cha.

Noella aliisikia sauti hiyo akiwa bado kitandani. Ilitoka jikoni. Ilikuwa sauti ndogo, kama punje chache zinazotikiswa ndani ya kichupa. Kisha mlango wa kabati ukafungwa polepole, jinsi anavyoufunga mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Lakini nyumba ile haikuwa na mtoto. Watoto wao wawili walikuwa wakubwa, wana nyumba zao huko kusini. Waliobaki ni Noella na mumewe Clovis. Nje giza lilikuwa halijapungua, na theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha.

"Clovis, unatafuta nini?" Noella aliita.

"Panya," Clovis alijibu. "Lala, mke wangu."

Jibu lilikuwa lile lile la wiki iliyopita, na la wiki ile nyingine. Noella alijiuliza ni panya gani huyu asiyeacha hata kinyesi.

Clovis alitoka na trekta lake. Kila theluji ilipoanguka, alisafisha nyua za wateja wake. Aliwatoza wote, isipokuwa mjane wa kwenye kona na Jeannine, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akiishi peke yake. Hao wawili aliwaondolea theluji kabla hawajaamka, ili wasipate nafasi ya kumshukuru.

Noella aliwasha taa ya jikoni. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili walikula ploye, zile chapati laini zenye vitundu zinazopikwa upande mmoja tu. Alinyoosha mkono kuchukua kopo la unga. Nyuma ya kopo vidole vyake vikagusa kitu kigeni.

Kilikuwa kichupa cha dawa. Alikitikisa.

Cha-cha-cha.

Aliivaa miwani yake. Lebo iliandikwa jina la mtu: Alcide Pelletier. Halikuwa jina la mumewe. Alcide alikuwa mume wa Odile, na Odile alikuwa dada yake Clovis. Wawili hao waliishi ng'ambo ya mto, katika nchi ile nyingine. Kutoka mlango huu mpaka mlango wao ni dakika kumi na mbili, ukiwemo muda wa kusimama darajani kuonyesha vitambulisho.

Noella alimimina vidonge kiganjani. Kila kimoja kilikuwa kimekatwa katikati. Vyote vilikuwa nusu.

Alivirudisha ndani, akakiweka kichupa mezani.

*

Clovis aliporudi, mashavu yake yalikuwa mekundu kwa baridi. Aliona kichupa mezani, katikati ya siagi na sukari guru. Akasimama na kofia mkononi.

"Nimemkamata panya wako," Noella alisema.

"Noella…"

"Ana jina. Anaitwa Alcide. Sasa niambie, mume wangu, tangu lini unakula dawa ya mtu mwingine?"

Clovis aliketi. Alikuwa mwanamume mkubwa, mwenye mabega ya kubebea magunia ya viazi. Asubuhi ile alionekana mdogo.

"Tangu mavuno," alisema. "Nilipata kizunguzungu juu ya trekta. Mara mbili. Mara ya pili nilitokwa damu puani. Nikamwambia Alcide. Akaleta mashine yake, tukapima. Akasema, presha yako ni kama yangu, kunywa dawa yangu."

"Alcide ni fundi wa kiwanda cha karatasi! Toka lini amekuwa daktari?"

"Dawa imemsaidia yeye."

"Na mimi? Mimi nilikuwa wapi? Ungeanguka kwenye shamba lile, ningeambiwa na nani? Na viazi vingevunwa na nani?"

Clovis aliinua kidole akaonyesha mlango wa kabati.

Hapo palikuwa na karatasi. Kila nyumba ya bonde lile ilikuwa na karatasi kama hiyo, au ilikuwa nayo kichwani. Ilikuwa na safu mbili. Moja iliandikwa HUKU, nyingine NG'AMBO. Watu wa pande mbili za mto walilinganisha bei tangu enzi za babu zao. Jibini ni nafuu wapi? Petroli je? Kuku? Matairi? Wiki hii unavuka wewe, wiki ijayo ninavuka mimi. Clovis alijivunia karatasi ile. Kwa miaka thelathini hakuwahi kununua siagi upande usiofaa.

Chini kabisa ya karatasi, alikuwa ameandika hivi kwa mkono wake:

Bima ya afya, kwa mwezi. HUKU: dola 140. NG'AMBO: 0.

"Umeona?" Clovis alisema. "Wao sifuri. Sisi tunalipa kila mwezi, na tukienda kwa daktari bima inasema tutoe kwanza elfu saba na mia tano. Elfu saba, Noella! Nikimfungulia daktari mlango tu, tumekwisha. Dawa ya ng'ambo ni ya bure. Nikaichukua kule iliko bure, kama jibini."

Noella alihesabu miaka. Thelathini na moja. Miaka thelathini na moja aliishi na mtu huyu, naye alinunua dawa ya moyo wake kama anavyonunua jibini.

*

Baada ya misa, Odile na Alcide walifika kama kila Jumapili. Odile aliingia kwanza, akikung'uta theluji kwenye buti.

"Wifi, ploye zinanukia mpaka darajani! Yule afisa wa mpaka kaniuliza, mama unatangaza nini? Nikamwambia natangaza njaa."

Kisha Odile akaona kichupa.

"Aa," alisema taratibu. "Kumbe umejua."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua wanagawana. Hasira zako nazistahili, wifi. Alcide aliniambia vinabaki. Nikasema, kama vinabaki, basi kaka yangu apate."

"Vinabaki?" Noella alimimina vidonge mezani. "Hebu tazama vilivyobaki."

Odile aliviangalia vile vidonge nusu. Akachukua kimoja. Akageuka kwa mumewe.

"Alcide. Nani kavikata?"

Alcide alikuwa mtu mpole, mwenye mguu mmoja mzito kwa sababu ya goti bovu. Alitazama sakafu.

"Mfamasia ananipa tisini kwa miezi mitatu," alisema. "Tisini ni vya mtu mmoja. Sisi tuko wawili."

"Kwa hiyo wewe unakunywa nusu?"

"Nusu mimi, nusu yeye. Ni haki."

"Haki!" Odile alipiga meza, vikombe vikaruka. "Daktari wako mwezi uliopita hakukwambia presha imepanda? Hakukwambia dawa haikufai, atakuongezea nyingine? Nami nikawasha mshumaa kanisani, mjinga mimi! Kumbe dawa haijashindwa. Umeikata!"

Clovis ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Rangi ilimtoka usoni.

"Shemeji," alisema. "Uliniambia kidonge kizima kina nguvu mno kwangu. Ndiyo maana unanikatia."

"Ningekwambia ukweli, ungekubali kukinywa?"

Clovis alifunika uso kwa kiganja chake kikubwa.

Noella alizima jiko. Alivaa koti juu ya aproni yake, akavuka barabara bila kufunga vifungo.

*

Jeannine alifanya kazi katika kliniki ya mji. Hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu kuelewa bima na kuichagua, na hakuna aliyelipa kwa msaada huo. Pia alijua kupima presha. Alikuja na mkoba wake na slipa za manyoya miguuni. Noella hakumpa nafasi ya kuvaa viatu.

Alimpima Alcide: 164 kwa 98.

Alimpima Clovis. Akatazama mashine. Akasubiri dakika chache, akampima tena.

"Mia na themanini na nane, kwa mia na kumi na mbili," alisema. Sauti yake haikupanda, lakini Noella aliona mkono wake ukitafuta simu. "Clovis, kifua kinauma? Unaona ukungu machoni? Mkono au upande mmoja wa uso una ganzi?"

"Hapana. Naona vizuri. Nakuona umevaa slipa."

"Ningekuwa wewe nisingefanya utani. Ukipata lolote kati ya hayo, hata dakika moja, hata ulimi ukiwa mzito tu, mnaita gari la wagonjwa. Hamsubiri, hamwulizi bei."

Alimpigia muuguzi wa zamu wa kliniki. Walizungumza kwa muda. Kisha akasema, "Kesho saa mbili asubuhi unaonwa na daktari. Wa kwanza kabisa."

"Siendi," Clovis alisema. "Elfu saba na mia tano sina."

"Nani kakwambia utalipa elfu saba?"

"Bima yangu!"

"Clovis, umeusoma mkataba wako?"

"Nimesoma ukurasa wa kwanza. Kurasa ni sitini na mbili, Jeannine. Mimi nalima viazi."

Jeannine alivuta kiti. "Nisikilize. Uchunguzi wa mwaka, pamoja na kupimwa presha, bima yako inaulipa wote. Hutoi hata senti. Bima uliyo nayo sasa hivi."

Noella alivuta kiti chake karibu.

"Tangu lini?" Noella aliuliza.

"Tangu siku mlipoichukua."

"Miaka minne!" Noella alishika kifua. "Miaka minne tunalipa, na mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi. Ila sitawadanganya. Uchunguzi ndio wa bure. Ukirudi kwa tiba, hapo ndipo unaanza kulipa, kidogo kidogo, kwa kile ulichofanyiwa. Kile kiasi cha elfu saba na mia tano mimi nakiita kizingiti. Si kiingilio cha mlangoni. Maana yake, gharama za tiba unazitoa mwenyewe mpaka zifike hapo, ndipo bima ianze kulipa. Tena kliniki yetu inapunguza bei kulingana na kipato. Mngeuliza tu."

Odile alicheka kwa uchungu. "Ndiyo maana nawaambia mhamie kwetu. Mimi natoa kadi, naingia, natoka. Sifuri."

"Hiyo sifuri nayo," Jeannine alisema, "nimeiona pale kabatini. Nani kaiandika?"

"Mimi," Clovis alisema.

"Ibandue, tafadhali. Leteni na kalamu."

*

Jeannine aliigeuza karatasi upande mweupe.

"Bima si jibini," alianza. "Jibini unajua bei yake siku unayolinunua. Bima unajua bei yake mwaka unapokwisha. Kwa hiyo tuhesabu mwaka mzima. Odile, tuanze na wewe. Mshahara wako wa mwezi kabla ya makato?"

"Elfu mbili na mia tisa. Nafua nguo katika nyumba ya wazee."

"Wanakata ngapi?"

"Kama mia tano na kitu."

"Na dukani, juu ya kila dola?"

"Senti kumi na tano. Isipokuwa vyakula vya nyumbani."

"Siwezi kukuonyesha senti ipi inakwenda hospitali. Kodi inalipa walimu, inalipa barabara. Lakini kule kwenu, afya ndiyo inayokula sehemu kubwa kuliko kitu kingine. Kwa hiyo unalipa, Odile. Unalipa kila siku, kidogo kidogo, mzima au mgonjwa."

Odile aliweka uma chini. "Miaka yote hii nimejisifu hapa mezani."

"Dada, umenichoma na hiyo sifuri hata siku ya mazishi ya mjomba," Clovis alisema.

"Usimcheke," Jeannine alisema. "Ana haki ya kujisifu kidogo. Alcide, ulipotolewa kifuko cha nyongo, mlilipa nini hospitalini?"

"Maegesho ya gari," Alcide alisema. "Na kahawa. Kahawa ilikuwa mbaya."

"Upasuaji huo huo, kwa bima hii ya Clovis, angetoa mfukoni elfu saba na mia tano."

Odile aliuchukua uma wake tena.

"Sasa upande mwingine. Dawa ya presha, Alcide?"

"Hiyo nalipa. Tangu nistaafu kiwandani, bima ya dawa ilikoma."

Clovis aliinua kichwa. "Unalipa? Uliniambia ni ya bure!"

"Daktari ni wa bure," Odile alisema kwa upole. "Dawa ya nyumbani tunanunua. Meno tunalipa. Miwani tunalipa."

"Kwa hiyo mlininunulia…"

"Kula ploye zako, Clovis," Odile alisema.

"Na goti?" Jeannine aliuliza.

"Nasubiri upasuaji," Alcide alisema. "Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu nianze kusubiri."

"Kusubiri nako ni gharama. Kuandikeni. Na Alcide, kule kwenu kuna mpango wa serikali wa dawa. Hauji wenyewe, mtu anauomba. Uombeni kesho."

Kisha Jeannine aliwageukia Noella na Clovis. Tarehe ilikuwa kumi na mbili Desemba. Wanaotaka bima mpya inayoanza Januari walitakiwa kuchagua kabla ya tarehe kumi na tano kwisha. Clovis alikuwa amepanga kuiacha ile ile ya zamani ijiendeleze.

"Kuna nyingine," Jeannine alisema. "Kwa kipato chenu, serikali inawasaidia, mnatoa mia mbili sitini na mbili kwa mwezi."

"Mia na ishirini na mbili zaidi!" Clovis alisema. "Kila mwezi!"

"Subiri. Ninyi nyote mkiwa wazima mwaka mzima, ile ya zamani ni nafuu. Inawaokolea karibu elfu moja na mia tano. Sifichi. Lakini wewe si mzima. Daktari, vipimo vya damu, vipimo vya moyo, dawa. Tuseme elfu mbili na mia tisa kwa mwaka. Kwa bima ya zamani zote zinatoka kwako. Jumlisha na mchango wa miezi kumi na miwili. Noella, andika."

Noella aliandika, akisoma kwa sauti. "Elfu nne, mia tano na themanini."

"Kwa hii mpya, daktari ni dola ishirini, dawa tano, vipimo nusu bei. Wewe unatoa kama mia tano. Jumlisha na mchango."

"Elfu tatu, mia sita arobaini na nne."

Noella alitazama namba hizo mbili. Akahesabu tena kwa vidole, akidhani amekosea.

"Ile ya bei ya chini ndiyo ghali?" alisema.

"Kwenu ninyi, mwaka huu, ndiyo. Na ukilazwa, Mungu apishe mbali, ya zamani inafika elfu tisa na ushei. Hii mpya inaishia elfu tano na ushei. Pale ndipo ukomo wake."

Clovis alikunja mikono. Ilikuwa vigumu kwake. Kila mwezi angeziona zile mia na ishirini na mbili zikitoka. Ugonjwa hauonekani, pesa inaonekana.

"Nifikirie," alisema.

"Fikiria," Noella alisema. "Lakini ujue nilichofikiria mimi. Wewe umetafuta bei ya chini miaka thelathini na moja, na sijakulalamikia. Nimekula siagi ya ng'ambo, nimevaa buti za ng'ambo. Safari hii sitaki bei ya chini. Nataka mume."

Alcide alisogeza kichupa kwa kidole mpaka mbele ya shemeji yake, kisha akakirudisha taratibu upande wake.

"Sikupi tena," alisema. "Hata nusu. Nenda kwa daktari."

Clovis alimtazama mtu huyu aliyekaa miezi mitatu akijinyima ili yeye apone. Macho yake yakalowa.

"Saa mbili kesho?" alimwuliza Jeannine.

"Saa mbili."

*

Daktari alimpima bila malipo, kama Jeannine alivyosema. Kwa vipimo vya damu na dawa walilipa kwa bei iliyopunguzwa ya kliniki. Daktari alishtuka aliposikia habari za nusu vidonge.

"Dawa ile haitolewi kabla ya kujua hali ya figo," alisema. "Inaweza kumsaidia shemeji yako na kukudhuru wewe. Umebahatika, figo zako ni nzima." Akamwandikia dawa nyingine, yenye jina lake mwenyewe.

Tarehe kumi na nne, Jeannine aliketi nao mbele ya kompyuta. Clovis ndiye aliyebonyeza. Mkono wake ulisita kidogo, lakini alibonyeza.

Mwezi Machi, theluji ilipoanza kulainika, presha ya Clovis ilikuwa 132 kwa 84. Kizunguzungu kilikwisha. Alcide alimweleza daktari wake ukweli, akagombezwa, akarudia kidonge kizima. Presha yake nayo ilishuka bila dawa ya pili. Ombi lao la mpango wa dawa lilikubaliwa. Goti tu ndilo lililokuwa bado linasubiri.

Karatasi ya kabatini ilirudi mahali pake, upande ule ulioandikwa na Noella. Bei za jibini zilihamia kwenye kipande kidogo pembeni.

Jumapili moja walikula mpaka wakashiba. Wageni walipokuwa wakivaa makoti, Alcide alichelewa mlangoni. Aligusa mfuko wake wa koti, ule alimokuwa akifichia kichupa.

"Mambo yamebadilika, shemeji," alisema. "Nilizoea kuja na kitu. Sasa sina cha kukuletea."

Clovis alimfungia kifungo cha juu cha koti, kwa sababu upepo wa mtoni ulikuwa mkali.

"Njoo mikono mitupu," alisema. "Jumapili ijayo uje, Alcide. Na ile nyingine uje tena."